Manjano, Saumu na Mlonge kwa Ini la Kuku: Mwongozo Kamili wa Kukinga Kundi Dhidi ya Metali Nzito

Kuku akifa ghafla, akapasuliwa na ini likaonekana limebadilika rangi, neno la kwanza bandani huwa "sumu" na la pili huwa "manjano". Manjano yana kazi yake, na huko mbele tutayapima kwa gramu. Ila kwa metali nzito, yaani risasi, kadimi, aseniki na zebaki, kazi ina mpangilio wake: ziba mlango unaoingiza sumu, shibisha kuku madini yanayoshindana na sumu hiyo, kisha ndipo ulete mmea. Anayeanza na mmea anamwaga hela. Tena kuna manjano sokoni ambayo yenyewe ndiyo mlango, na hilo nalo tutalifikia.

Hesabu zote hapa ni za kuku 100 wa mayai wanaokula kilo 12 kwa siku na kunywa lita 25 hivi. Huko Moshi ya chini, Kahe na kwenye mashamba ya miwa ya TPC, joto likipanda maji hufika lita 30 na kuzidi. Kundi lako likiwa dogo au kubwa, shika kipimo cha kila kilo ya chakula, usishike idadi ya kuku.

Kinachoharibika ndani

Kila seli ya ini ina akiba ya glutathayoni, kitu kidogo chenye salfa kinachozima chembe chokozi za oksijeni zinazozaliwa mwili unapochoma chakula. Kadimi, risasi, aseniki na zebaki zote hung'ang'ania salfa. Zikiingia zinaishika glutathayoni, akiba inapungua, na oksijeni inaanza kula mafuta ya utando wa seli. Ni kuchacha kulekule kwa samli iliyoachwa bila kifuniko. Utando ukichacha, seli inapasuka na vimeng'enya vyake vinavuja kwenye damu. Ndiyo maana maabara hupima AST, kimojawapo cha vimeng'enya hivyo. Wasikupimie kimeng'enya kingine, ALT, peke yake: kwa kuku haisemi mengi kuhusu ini. Na hiyo AST nayo hupanda kuku akijeruhiwa misuli, kwa hiyo usimfukuze kuzunguka banda nusu saa halafu ukamtoe damu.

Kadimi ina ukaidi wa pekee. Ini hutengeneza protini iitwayo metalothayonini, inaikamata kadimi na kuifungia humo. Nyingine husafirishwa hadi kwenye figo na kukaa huko. Kwa binadamu huchukua zaidi ya miaka 10 kupungua kwa nusu, sembuse kuku anayefugwa miezi 18. Risasi hujifanya kalsiamu: inaingia mfupani, na mtetea anapochota kalsiamu ya mfupa wake ili kutengeneza ganda, risasi inatoka nayo. Sehemu yake huishia kwenye kiini cha yai.

Mimea inasaidia hapo kwenye kuchacha. Kurkumini ya manjano huamsha jeni zinazotengeneza glutathayoni mpya. Salfa ya kitunguu saumu hushika baadhi ya metali tumboni kabla hazijapenya, na kulijazia ini malighafi. Kwasetini ya mlonge huzima chembe chokozi moja kwa moja. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo "unaoosha" kadimi iliyokwisha kulala kwenye figo. Majaribio mengi yanayosifiwa humpa kuku sumu na mmea kwa wakati mmoja, wala hayangoji ini lichoke kwanza. Kwa hiyo mmea ni kinga inayotembea pamoja na hatari. Usiuhesabu kama tiba ya baadaye.

Kabla ya kulaumu metali

Kwa mfugaji wa huku kwetu, adui wa kwanza wa ini la kuku ni sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi na mashudu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na kuku hula mahindi yaleyale, mara nyingi yale yaliyokataliwa mezani. Ini la sumukuvu hupauka, likawa na rangi ya njano na mafuta, na hukatika kirahisi. Ini lenye rangi ya shaba iliyoingia ukijani, kwa kuku aliyekufa akiwa bado na nyama kifuani, likufikirishe taifodi ya kuku. Uvimbe mweupe unaelekeza kwa ugonjwa wa Marek au maradhi ya jamii yake. Na usishtuke ukikuta ini la njano kwa kifaranga wa siku 5: hayo ni mafuta ya kiini cha yai, yataondoka yenyewe.

Ini la metali nzito huweza kuonekana karibu zima. Pengine limevimba kidogo na kufifia, huku figo zikiwa zimepauka. Dalili za nje ni za kila ugonjwa: upanga kupauka, kinyesi cha kijani, ganda jembamba, mayai kupungua. Kwa risasi huongezeka mabawa kulegea na shingo kukosa nguvu. Macho hayatoshi, lakini kuna sehemu moja ya mwili inayotoa ushahidi: firigisi.

Hatua ya 1: Pasua firigisi, kisha kagua banda

Kuku hutunza mawe madogo kwenye firigisi ili kusagia chakula. Kipande cha risasi, gamba la rangi au skrubu ndogo kikiingia humo hakitoki upesi. Kinakaa wiki nyingi kikisuguliwa ndani ya asidi na kuachia sumu kidogokidogo. Vaa glovu. Pasua firigisi kwa urefu, mwaga vilivyomo kwenye sahani nyeupe ya plastiki, ongeza maji, zungusha na kumwaga taratibu kama mchimbaji anayepeta dhahabu. Pumba na nyasi zitaelea na kuondoka. Vizito vitabaki.

Pitisha sumaku ya spika ya redio mbovu: chuma kitarukia. Kinachobaki cha kijivu kisichovutwa, kikandamize kwa kisu. Risasi ni laini, hukatika na kung'aa pale ilipokatwa, na ukiiburuza kwenye karatasi huchora mstari wa kijivu kama penseli. Magamba ya rangi ya nyumba hujulikana kwa tabaka zake, rangi juu ya rangi. Weka ulichopata kwenye mfuko wa plastiki wenye tarehe, kisha nenda bandani kutafuta kilikotoka.

Pa kuangalia, kwa uzito tunaoupa sisi:

Jivu la kuogea. Wafugaji wengi huwawekea kuku jivu ili kupunguza utitiri na viroboto, na ni desturi nzuri kama kuni ni safi. Jivu la mbao zilizopakwa rangi, la mabaki ya samani, au la nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa ni jambo jingine kabisa. Nguzo za aina ya zile za umeme, zenye ukijani, mara nyingi zimeshindiliwa mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki. Ukizichoma, moto unaondoa mti na kubakiza metali, sasa zikiwa zimejikusanya kwenye kilo chache za jivu ambalo kuku hulioga, hulivuta puani na kulidonoa. Ukirekebisha jambo moja tu leo, rekebisha hili.

Maranda. Muulize fundi seremala mbao gani alikuwa akiranda. Maranda ya mbao mbichi ya mkaratusi au msindano, sawa. Maranda ya nguzo zilizotiwa dawa, hapana.

Gereji na vyuma chakavu. Betri za gari, vipande vya risasi vya kusawazisha magurudumu, lehemu ya redio na simu. Banda likipakana na gereji, inua ukuta wa chini angalau sentimita 60 kwa tofali na usiwaachie kuku wachakure upande huo. Udongo wa juu wa mahali palipovunjiwa betri unachimbwa na kuondolewa, haufunikwi kwa mchanga. Kuku atafukua.

Ukuta wenye rangi inayobanduka. Kuku hudonoa rangi anapokosa changarawe na kalsiamu. Paruza ukuta ukiwa umeulowesha, usiuparuze mkavu, kusanya magamba yote, kisha uweke changarawe safi na maganda ya konokono kwenye chombo chao. Udonoaji hupungua siku hizohizo.

Migomba na kahawa. Kwenye vihamba vya Kilimanjaro mibuni imepuliziwa dawa za shaba, mrututu ukiwamo, kwa miongo mingi dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Shaba haiozi, hubaki kwenye udongo wa juu. Kuku huvumilia shaba kuliko kondoo, lakini ini ndilo ghala lake. Wafungie kuku wiki 2 baada ya kupulizia, na usiwaongezee mrututu kwenye maji "kwa ajili ya fangasi" kama wanachakura kihambani.

Hatua ya 2: Maji

Hapa Arusha watu huchanganya mambo mawili. Maji yanayowatia watoto madoa ya kahawia kwenye meno yana fluoridi inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru. Fluoridi si metali nzito, na manjano hayaihusu. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na kinachoipunguza ni chujio la mkaa wa mifupa au kuchanganya na maji ya mvua. Kwa metali, vipimo vyao kwa lita ni risasi miligramu 0.01, aseniki 0.01 na kadimi 0.003.

Maji ya bomba na ya chemchemi za mlimani kwa kawaida si tatizo. Tatizo ni chombo: pipa la rangi lililosuguliwa, drinka ya bati iliyolehemewa kienyeji, tangi la kiwandani ambalo lebo yake imebanduliwa. Tumia plastiki ya chakula. Majani nayo yanabeba: mchicha na majani mengine laini hufyonza kadimi kuliko nafaka, kwa hiyo usiwape kuku majani ya bustani zinazomwagiliwa na mito inayopita katikati ya mji.

Mbegu za mlonge zinasafisha maji yenye tope. Twanga mbegu 1 iliyomenywa kwa kila lita ya maji machafu kiasi, koroga kwa nguvu dakika 1 na polepole dakika 10, acha saa 2, chota ya juu. Sehemu ya metali iliyoshikana na tope huzama nalo. Hilo tope limwage mbali, na maji utakayochota yatumike siku hiyohiyo kwa sababu mabaki ya mbegu huoza.

Hatua ya 3: Shibisha madini kabla ya mmea

Risasi hupita kwenye mlango wa kalsiamu. Kadimi hupita kwenye milango ya chuma, zinki na kalsiamu. Utumbo wenye njaa ya madini hayo unafungua milango, na sumu inapita na umati. Kuku wa mayai anahitaji kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4 ya chakula. Kwa kilo 12 hiyo ni gramu 420 hadi 480, na chokaa ya chakula au konokono ina kalsiamu asilimia 38 hivi, yaani kilo 1.1 hadi 1.26 kwa siku kama chakula chako hakijatiwa kabisa. Laya mash ya dukani, yaani chakula cha kuku wa mayai, imeshawekwa, kwa hiyo usirudie. Weka konokono pembeni wajichagulie. Chokaa ya kupaka nyumba siyo hii. Ile huunguza.

Premiksi, ule mchanganyiko wa vitamini na madini, isirukwe, kwa sababu ndiyo inayobeba zinki, seleniamu na vitamini E. Wanaochanganya wenyewe wajihadhari na vitu viwili. Mbolea ya fosfeti haichukui nafasi ya DCP (daikalsiamu fosfeti) ya mifugo, hata bei ikivutia vipi: ina fluoridi nyingi na hupimwa kwa mahitaji ya shamba. Unga wa mifupa usiojua ulikotoka nao uache, kwa maana mfupa ndipo risasi inapolala. Kama unapeleka chakula maabara, viwango vya Ulaya kwa chakula kamili ni kigezo kizuri: risasi miligramu 5 kwa kilo, aseniki 2, kadimi 0.5, zebaki 0.1.

Hatua ya 4: Manjano

Hapa ndipo pa kukaa, maana ndipo panapokosewa zaidi.

Usinunue unga. Nchini Bangladesh ilithibitika kwamba wasindikaji walikuwa wakiyang'arisha manjano makavu kwa kromati ya risasi, rangi ya viwandani yenye unjano mkali. Utafiti wake ulitangazwa mwaka 2019 na serikali yao ikaingilia kati. Rangi hiyo hupakwa hata kwenye vipande vizima vikavu, kwa hiyo "nimenunua mazima nikasaga mwenyewe" haitoshi kama yalikuwa makavu na yanang'aa. Hakuna jaribio la jikoni la kuaminika. Njia salama ni kununua mabichi, yakiwa bado na udongo kwenye mikunjo, yanayokatika kwa mlio na kutoa maji. Kwenye soko la Kilombero (Arusha) au Mbuyuni (Moshi) muulize muuzaji: "Mama, haya yamechimbwa lini?" Yaliyochimbwa karibuni yana ganda lililokaza; yaliyokaa yamekunjamana na yana macho ya ukungu.

Kipimo: gramu 5 za unga mkavu kwa kilo ya chakula, yaani gramu 60 kwa siku kwa kundi letu. Manjano makavu huwa na kurkumini asilimia 3 hivi, pengine zaidi kidogo, kwa hiyo kila kilo ya chakula inapata miligramu 150 au zaidi. Kwa siku 28 unahitaji kilo 1.7 za unga. Manjano mabichi kilo 5 hutoa kama kilo 1 kavu, basi nunua kilo 9.

Osha kwa brashi. Wafanyabiashara huyachemsha kwanza ili rangi ienee. Kwa kuku hakuna haja, na unaepuka sufuria. Tunasema hivyo kwa sababu sufuria zinazosubiwa mitaani kwa vyuma chakavu vilivyoyeyushwa huweza kuachia risasi, hasa ukichemshia kitu kichachu kama ukwaju au rozela. Kata vipande vya unene wa milimita 3. Tandaza kwenye wavu wa plastiki ulioinuliwa, kivulini penye upepo, tabaka moja, geuza mara 2 kwa siku. Huko Moshi, wakati wa kiangazi, vipande hukauka kwa siku 4 hadi 5. Arusha kwenye masika ya Machi hadi Mei usijaribu bila kaushio la jua lenye paa la nailoni, kwani vipande vitaota ukungu na utakuwa umemletea kuku sumukuvu kwenye dawa ya ini. Kipande kilichokauka huvunjika kwa mlio, kinachopinda, kirudishe.

Twanga kwenye kinu cha mbao au blenda safi, chekecha, tia kwenye chupa yenye kifuniko, weka gizani. Mwanga hula kurkumini. Usitengeneze ya zaidi ya miezi 2.

Kurkumini haiyeyuki kwenye maji, na utumbo huipokea kwa shida. Ndiyo maana kuikoroga kwenye drinka ni kupaka drinka rangi. Inahitaji mafuta na pilipili manga kidogo, ambayo huchelewesha ini kuitoa. Kila asubuhi:

1. Changanya gramu 60 za manjano, gramu 1 ya pilipili manga iliyosagwa (nusu kijiko cha chai) na vijiko 4 vya chakula vya mafuta ya alizeti hadi viwe uji mzito.
2. Usugulie kwenye kilo 1 ya mash kwa viganja mpaka usione donge la njano.
3. Ongeza kilo 3, changanya. Kisha ongeza kilo 8 zilizobaki.

Ukiruka hatua ya 2 ukamwaga uji kwenye kilo 12 kwa pamoja, madonge yatakwenda kwa kuku wababe watano wanaofika kwanza, na wengine hawatapata kitu. Ukichanganya ya wiki nzima, mafuta yatachacha kwenye gunia, na tayari tumeona kuchacha kunafanya nini. Siku 3 ndiyo mwisho.

Pilipili manga iache kundi likiwa kwenye dozi ya dawa yoyote ya hospitali: ileile hulka yake ya kuchelewesha ini hukawiza na dawa kutoka, na siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai zinakosa maana.

Hatua ya 5: Mimea mingine, kwa ufupi

Kitunguu saumu: gramu 10 za punje mbichi kwa kilo ya chakula, gramu 120 kwa siku. Ponda, kisha subiri dakika 10 kabla ya kuchanganya. Allisini, kemikali ya salfa inayotoa nguvu ya saumu, haimo kwenye punje nzima, huzaliwa baada ya kupondwa. Toa asubuhi, kiishe siku hiyo. Siku 14 zatosha, halafu pumzisha. Wanaoongeza mara tatu "ili kifanye kazi haraka" hupata mayai yenye harufu, na baadaye kuku wenye upungufu wa damu, kwa maana jamii ya vitunguu ikizidi hupasua chembe nyekundu.

Mlonge: majani yaliyokaushwa kivulini, gramu 30 kwa kilo, gramu 360 kwa siku. Usivuke gramu 50. Baada ya hapo ladha na tanini hupunguza ulaji. Mti huu hupenda joto, hustawi Kahe kuliko mitaa ya juu ya Tengeru. Usichume ule wa kando ya barabara kuu au ukuta wa gereji.

Tangawizi kavu, gramu 5 kwa kilo, inaweza kushika zamu manjano yakikosekana, na ile ya Same inapatikana mbichi kwa urahisi. Vidonge vya silimarini, vinavyotokana na mmea uitwao milk thistle, vina rekodi nzuri kwa ini lakini bei yake inafaa jogoo wa mbegu, haifai kundi.

Mwarobaini tunaukataa kwenye mpango huu. Wengi huutoa kwa mazoea, ila ukizidi huumiza ini lenyewe na kushusha mayai. Shubiri nayo ina utomvu wa njano chini ya ganda unaoharisha, na kuku anayeharisha anapoteza madini uliyohangaika kumshibisha. Jumla ya mimea yote isizidi asilimia 5 ya chakula, la sivyo unapunguza protini na nguvu.

Ratiba

Siku 14 za kwanza: manjano, mlonge na saumu. Siku 14 zinazofuata: manjano na mlonge. Kisha pumzika wiki 2 na upime uzito wa kuku 10 walewale uliowavalisha pete mwanzoni. Kuku wa nyama hupewa kwa kipimo kilekile cha kilo, kuanzia siku ya 10.

Saumu na tangawizi zisimamishwe siku 2 kabla na siku 2 baada ya chanjo hai ya kideri au gumboro inayopitia kwenye maji. Chanjo hai ni kirusi dhaifu, na hivi vimepewa sifa ya kudhoofisha vijidudu, usivikutanishe. Chanjo ya tone la jicho ina hatari ndogo zaidi, lakini kusitisha siku 4 hakugharimu kitu.

Kuku aliyepatikana na kipande cha risasi mwilini na ameshalegea shingo si wa manjano. Huyo ni wa daktari wa mifugo, mwenye dawa za kufunga metali, au wa kuchinjwa na kufukiwa.

Kupima, na cha kufanya na mayai

Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, una kituo Arusha, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapohapo. Piga simu kwanza uulize kama wanapima metali kwa sasa, na wanataka sampuli kiasi gani. Kwa kawaida andaa gramu 50 za ini na figo kwenye mfuko mpya wa plastiki, umegandisha. Nusu kilo ya chakula iliyochotwa sehemu 5 za gunia. Lita 1 ya maji kwenye chupa uliyoisuuza kwa maji hayohayo mara 3. Usifunge kwa karatasi ya aluminiamu wala usikatie kwa kisu chenye kutu.

Soma majibu ya ini ukilinganisha na kipimo cha Ulaya cha kadimi: miligramu 0.5 kwa kilo ya ini la kuku, 1.0 kwa figo, 0.05 kwa nyama. Utaona mwenyewe sumu inakaa wapi. Kundi likishukiwa, maini, figo na firigisi havipikwi, hata kama nyama imeonekana salama. Kwa risasi, simamisha mayai kwenda kwa watoto na wajawazito mpaka sampuli ya mayai 10 ipimwe, kisha irudiwe baada ya wiki 4, maana mfupa unaendelea kuachia hata mlango ukishazibwa.

Kinachosahaulika ni kinyesi. Metali nyingi iliyoliwa haikupenya utumboni. Imepita na iko kwenye matandiko. Ukiyapeleka kwenye tuta la mchicha, mchicha utaifyonza na majani yatarudi kwa kuku, au mezani kwako. Matandiko ya kundi lililoshukiwa yatoe yote, usiyachome, na uyafukie mbali na kisima, au uyaweke kwenye shimo la miti ya mbao kama mgrevilea.